Magurudumu ya Zamu

Jumamosi, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani kutoka kwa shangazi, gurudumu moja kila mkono, sina hata mkono wa kushikia mwavuli. Sikujali. Zamu yangu imerudi, na wiki hii nzima baiskeli yangu ina miguu.

Nieleze mambo yalivyo, maana daftari hili ni jipya na halijui kitu. Mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye tangu utotoni tunamwita Kimya, tulinunua baiskeli mbili za milimani tukiwa vijana. Gia ishirini na moja, rangi moja, siku moja. Yapata miaka ishirini na minane sasa. Fremu zote mbili bado ni nzima. Magurudumu ndiyo yalianza kutuaga, na saizi ile madukani siku hizi ukiuliza wanakutazama kama umeuliza bei ya punda. Tukayafumua yote manne, tukachagua kilicho bora: habu hizi za katikati, rimu zile, spoku zisizo na kutu. Tukapata jozi moja ya kuaminika na tukawa tunaazimana. Kisha tukagombana, na hakuna aliyekubali kuiachia jozi.

Shangazi ndiye aliyekata shauri. Wiki yako, wiki yake. Kila Jumamosi anayemaliza zamu anayapeleka magurudumu kwa shangazi asubuhi, anayeanza anayachukua mchana, tusije tukagongana mlangoni. Sharti lake ni moja: "Anayeleta alete safi, anayechukua asilalamike."

Miaka sita sijaisikia sauti ya ndugu yangu. Nasikia habu zake tu, jinsi zinavyozunguka baada ya yeye kuzipaka grisi.

Leo nimerudi na kipimo cha vernia kutoka maabara ya shule, ninakofanya kazi ya kutunza vyombo. Ni kile cha kupimia unene wa waya. Ukuta wa rimu, pale mpira wa breki unapobana, umelika hadi umefanya bonde. Rimu mpya huwa na milimita 1.5. Ya nyuma leo ina 1.1. Ikishuka chini ya 0.8 sitailaumu ikipasuka, na rimu nyingine hatuna. Siku hiyo mimi na Kimya hatutakuwa tena na kitu cha kupeana.

Na ninajua anayeila ni nani. Mtu mzito wa mkono tangu utotoni, mvunja vikombe. Nitapima kila Jumamosi. Nikipata ushahidi, shangazi ataamua upya.

Jumapili, 5 Machi

Nimepanda kilimani. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa naiona mita tatu za njia, nikizimaliza napewa nyingine tatu. Gia ndogo kabisa, cheni inaongea taratibu, pumzi yangu na matairi vimeshika mwendo mmoja. Kule juu kwenye minara ya simu sikuona mji wala mtu. Nilisimama nikahisi kwamba nikinyoosha mkono nitamgusa mimi wa miaka ishirini na mitatu, ameshika usukani uleule, anacheka.

Kisha nikashuka. Kushuka ndiko kunakonifanya nipande. Breki zinalia, maji yananirukia usoni, na kwa dakika saba sina umri.

Jumatano, 8 Machi

Mvua. Nimeosha mirija ya maabara hamsini na miwili. Mmoja umevunjika, na siyo mimi.

Jumamosi, 11 Machi

Nimepima kabla ya kuyapeleka. 1.0. Ni tope, halina neno.

Shangazi alikuwa barazani anachambua mchicha. "Umekonda," akasema. Huwa ananiambia nimekonda hata nikinenepa. Nikamuuliza kama Kimya hajambo, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa. "Mwulize mwenyewe, nyumba yake haijahama." Nikayaegemeza magurudumu ukutani nikaondoka.

Jumapili, 12 Machi

Siku isiyo na magurudumu. Fremu imening'inia kwenye msumari ukumbini. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na leo yupo nyumbani, ameitazama akasema, "Hiyo ikianguka, itaniua mimi, na wewe utaikagua kwanza kama imepinda." Nimecheka hadi machozi. Amesema kweli.

Mchana mzima mvua imepiga bati. Nimekaa na cheni katika bakuli la mafuta ya taa, naisugua pingili moja moja kwa mswaki mkuukuu. Ukisugua cheni kwa muda mrefu mawazo hukatika, unabaki vidole tu. Sijui nilikaa saa ngapi.

Jumamosi, 18 Machi

Bado ni 1.0.

Nimepima mara nne, nikakifuta kipimo, nikapima tena. Wiki nzima yuko nayo, mvua kila siku, na hajala hata nywele. Labda hakupanda. Lakini tairi lina tope jekundu la kule juu katika mikunjo, ambalo mswaki haukufika. Amepanda.

Ekseli ameziviringishia kitambaa safi, kama kawaida yake. Habu ya nyuma ameifungua. Nimeijua kwa grisi, mpya, rangi ya asali.

Jumapili, 19 Machi

Sikupanda leo, mvua haikunipa nafasi. Nimefungua habu ya mbele ili nisipitwe. Gololi nimezimimina katika kisahani cha kioo na nimezihesabu: kumi upande huu, kumi upande ule. Zimezunguka pamoja miaka yote hii na hazijakwaruzana, kwa sababu kuna mtu anazipaka grisi.

Niandike ugomvi wetu, nimalizane nao. Mama alilazwa siku kumi na moja. Mimi nililala pale hospitali, kwenye kiti cha plastiki, siku zote kumi na moja. Kimya hakuja. Anatengeneza madawati kwenye karakana ya seremala, mwendo wa nusu saa tu, na hakuja. Alikuja siku ya mazishi, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Lile shati ndilo lililonitoa akili. Mbele ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake nikamwambia, "Kumbe njia unayoijua ni ya makaburini tu."

Alitia udongo wake akaondoka. Watu wengine walikuja kunishika mkono na kuniambia nimesema kweli, na mimi nikaamini. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja kitu siku ile, na kwa miaka sita nimekuwa nikisema aliyevunja ni yeye.

Sijui kwa nini nimeandika sentensi hiyo ya mwisho. Niiache.

Jumamosi, 25 Machi

0.9. Wiki yangu, na nilipanda mara moja tu, Alhamisi.

Alhamisi, 30 Machi

Nimeota nashuka mlima bila baiskeli, nimekaa tu hewani, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Nyuma yangu nilisikia habu inazunguka. Sikugeuka.

Jumamosi, 1 Aprili

0.9. Wiki yake.

Basi. Mimi ni mtu wa maabara, nawafundisha watoto wa watu kwamba jedwali halina undugu na mtu. Nimechora jedwali. Wiki zangu: rimu imepungua, imepungua. Wiki zake: sifuri, sifuri. Nilikwenda kutafuta mwizi nikakutana na kioo.

Nimeipindua baiskeli yangu nikachomoa mipira ya breki. Ni migumu, ya bei rahisi, niliinunua mwaka juzi. Ndani yake vinang'aa vipande vidogo vya aluminiamu, vimezama. Kila nilipobana breki, rimu ilikuwa inasuguliwa na vipande vyake yenyewe. Nimevichokoa kwa sindano kimoja kimoja, nikaviweka juu ya karatasi nyeupe. Nyani haoni kundule, na mimi nimekuwa na kundu hili miaka miwili, nikilitafuta kwa ndugu yangu.

Sikupanda wala kutoka. Mvua imenisaidia kupata sababu.

Jumamosi, 8 Aprili

0.85. Nilibadilisha mipira, nikaweka laini, lakini Jumapili nilishuka kama kawaida. Tope ni tope.

Nimeyasafisha magurudumu kuliko siku zote. Nimesugua hadi vichwa vya spoku. Nilitaka ayaone yalivyo safi. Baadaye nikajiambia, umri huu wote na unaomba msamaha kwa mswaki.

Jumatatu, 10 Aprili

Bomba la maabara limepasuka. Siku nzima kudeki.

Jumamosi, 15 Aprili

0.85. Hajala kitu.

Nimeshindwa kuvumilia, nikamuuliza shangazi. Nyumba yake iko pale pale njia ya mlimani inapoanzia, na dirisha lake halipitwi hata na paka.

"Shangazi, huyu Kimya anapanda kweli Jumapili?"

"Anapanda."

"Anashuka saa ngapi? Maana breki hatumii."

Akanitazama juu ya miwani. "Atatumiaje breki na anashuka kwa miguu?"

"Kwa miguu?"

"Tangu mwaka jana. Anapanda amekaa, anashuka anatembea, ameishika baiskeli kwa kando kama anampeleka mgonjwa kliniki. Siku moja nikamwita dirishani nikamwambia, wewe mtoto una wazimu, mlima umeutolea jasho halafu zawadi unaiacha? Akasema, 'Rimu zimekwisha, shangazi. Zikipasuka, dada atachukua nini hapa?'"

Nilikaa kwenye ngazi. Mvua ilikuwa nyembamba, haisikiki, inaonekana tu kwenye madimbwi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mwanangu. Miaka sita unakuja hapa, unauliza kama amepaka grisi."

Jumapili, 16 Aprili

Nimeshuka kwa miguu.

Ni mlima mwingine kabisa. Dakika saba zimekuwa saa nzima. Kuna kijito kinachokatiza chini ya daraja la mbao, sikuwahi kukisikia. Kuna ukuta wa mawe wenye majani ya kijani mbichi kiasi kwamba nilisimama nikayagusa. Kwenye tope la ukingoni niliona nyayo za wiki iliyopita, za mtu anayekanyaga kwa upande wa nje, na kando yake alama ya tairi moja, nyembamba, imenyooka, isiyo na mburuzo wa breki. Tangu mtoto Kimya anakanyaga hivyo, viatu vyake huisha upande mmoja. Nimezifuata hadi chini, nikiweka mguu wangu kando ya zake.

Nimelia kidogo. Ukungu ulikuwepo, nani angeniona.

Jumamosi, 22 Aprili

0.85! Wiki yangu, na haikupungua. Nimefurahi mno kwa tarakimu isiyobadilika.

Jumapili, 23 Aprili

Mvua. Fremu msumarini. Nimemfikiria ndugu yangu huko juu, saa hizi anatembea. Imenijia kwamba mtu ambaye hakujali asingefanya hivi. Basi zile siku kumi na moja zilikuwa nini? Nimelizungusha swali hili kichwani hadi jioni na halikukamata popote.

Jumamosi, 29 Aprili

0.85. Sitamwandikia barua. Nimejaribu mara tatu na kila mara inaanza na neno "lakini".

Jumapili, 30 Aprili

Nimeivunja.

Asubuhi jua lilitoka, baada ya wiki nane. Kila kitu kilikuwa kinatoa mvuke, barabara, mabati, hata mgongo wa ng'ombe wa jirani. Nilipanda nikiimba. Juu kule nikauona mji wote, umeoshwa, na chini yangu njia imekauka katikati, inang'aa. Nikasema mpaka kona ya kwanza tu. Rimu ina 0.85, si nimepima mwenyewe? Mtu apewe zawadi yake mara moja.

Kona ya kwanza ikapita, na ya pili. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Upepo ulinijaa masikioni, habu zinaimba zote mbili, na nakumbuka nilisema kwa sauti, "Kimya, tazama!" kana kwamba yuko nyuma yangu kama zamani.

Kabla ya daraja nikabana breki. Mlio ulikuwa kama mlango wa bati uliopigwa teke. Gurudumu la nyuma likakwama papo hapo, baiskeli ikalala, mimi nikateleza na tope hadi kwenye majani.

Nilipoinuka nilitazama rimu kwanza. Mume wangu ananijua. Ukuta wa upande mmoja umefunuka, urefu wa shibiri nzima, umejikunja nje kama mfuniko wa kopo. Kipimo kinapima unene, hakijui ufa. Kiwiko kimechubuka, goti limevimba. Nimelibeba gurudumu begani hadi nyumbani, na watu njiani walikuwa wananipa pole kana kwamba nimebeba mtu.

Jumatatu, 1 Mei

Goti. Sijakwenda kazini.

Jumatano, 3 Mei

Nimelipeleka gurudumu kwa shangazi, nikisema nitaliacha barazani, Jumamosi Kimya atalikuta, litajieleza lenyewe. Shangazi alilitazama, akanitazama, akaingia ndani kuniletea kiti. Hakuleta kingine cha kuwekea gurudumu.

"Hilo unarudi nalo."

"Shangazi, ndio utaratibu wetu."

"Utaratibu wetu ni anayeleta alete safi. Hili ni safi? Hapa kwangu si mochwari. Mpelekee mwenyewe."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Akikufukuza utakuwa umesikia sauti yake."

Nilimjibu vibaya, sitaandika nilivyosema. Hakukasirika. Alisema tu kwamba yeye ana miaka sabini na tisa, na Jumamosi hizi ndizo zinazomletea wageni, lakini hawezi kuwa mlango wa watu wawili maisha yake yote.

Ijumaa, 5 Mei

Mvua imerudi. Rimu iko kando ya kitanda. Kesho.

Jumamosi, 6 Mei

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Nyumbani kwa Kimya, wifi ndiye aliyefungua mlango. Aliniona, akaliona gurudumu, akasema, "Karibu, wifi," kwa sauti ya mtu aliyesema hivyo jana na juzi, Mungu ambariki. Akaniita niingie hadi uani. Kimya alikuwa chini ya kibanda, amepiga magoti, anapaka rangi mguu wa dawati. Amepata mvi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba amepata mvi.

Nilikuwa nimekariri maneno. Nimevunja rimu, kosa ni langu, nilishuka nikijua. Nikanyoosha gurudumu mbele kama mwanafunzi anayerudisha chombo kilichovunjika. Akalitazama mara moja tu. Kisha akatazama kiwiko changu.

"Uliumia, dada?"

Hilo ndilo neno la kwanza baada ya miaka sita. Maneno yangu yote ya kukariri yakanitoka. Nikasema, "Kidogo."

Akaniwekea ubao nikae. Mvua ikawa inapiga kibanda, na sisi tunaitazama kama watu waliokwama pamoja kituoni. Hatimaye nikasema lile nililokwenda nalo miaka yote bila kujua. "Siku ile makaburini nilikukosea. Mbele ya watu. Nisamehe."

"Hukukosea. Ulisema kweli."

"Sikusema kweli. Mtu anayeshuka mlima kwa miguu kwa ajili yangu hawezi kumtupa mama yake."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akachukua spana ya spoku kutoka kwenye kopo, akaliweka gurudumu mapajani, akaanza kulegeza spoku, maana rimu imekufa lakini habu ni nzima. Alizungumza akiitazama spana.

"Nilifika, dada. Siku ya pili, siku ya nne, siku ya saba. Nilifika hadi kwenye mlango wa wodi. Nakuona wewe umemwinua, unamnywesha maji kwa kijiko. Naona mguu wake umetoka nje ya shuka, umevimba, si mguu wa mama. Miguu yangu inakataa. Nasimama. Narudi."

"Mbona hukusema? Miaka sita, Kimya!"

"Ningesema nini? Kwamba nilikuwa mlangoni? Afadhali ya asiyefika."

Ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari. Huwa unalo. Ningeweza kusema kwamba mimi nilihitaji mtu wa kunipokea hata saa moja nikalale, na wewe ulikuwa hatua kumi. Ni kweli, na nilikuwa na haki nalo. Lakini wakati huohuo kitu kingine kilinijia, kitu ambacho sijamwambia mtu, kwa sababu nilidhani hakina maana.

Siku ya saba, alasiri, mama alikuwa amefumba macho, mimi namfuta uso. Akafumbua, akatazama nyuma yangu, akasema waziwazi, "Mwambie aingie, anapata baridi." Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu. Nikamwambia, "Hakuna mtu, mama, lala." Akasema tena, "Mwambie." Nikasema ni homa. Nikamfunika, na sikuinuka kutazama korido.

Nilimweleza Kimya yote hayo, neno kwa neno, pamoja na lile la kutoinuka. Nilidhani atanichukia, na nilikuwa tayari. Spana ilisimama juu ya spoku.

"Alisema, aingie?"

"Alisema mara mbili."

"Siku ya saba."

"Siku ya saba, saa kumi hivi."

Alitazama uani, kwenye mvua. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Kwa hiyo aliniona," akasema.

"Alikuona, mdogo wangu."

Akanipa spana. Nikaendelea pale alipoishia, robo mzunguko kwa kila spoku, na yeye akawa ananishikia gurudumu lisizunguke.